Avelina Rwezaura na Bunduki Isiyokuwa na Namba

Ifikapo tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Sajenti Meja Avelina Rwezaura atafunga kabati la kadi za silaha katika ofisi yetu ndogo hapa Kayanga, wilayani Karagwe, na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na sita na miezi minne. Ishirini na saba kati ya hiyo ameimalizia ndani ya chumba kimoja chenye dirisha moja, linalotazama migomba ya jirani. Nimeombwa niandike habari zake kwa sababu mimi ndiye nitakayekalia kiti chake, na pia, nadhani, kwa sababu wengine wote walisema wamechoka. Kweli tumechoka. Yeye zaidi.

Avelina alizaliwa Kamachumu, Muleba, mwaka 1965, katika familia ya Kilutheri yenye watoto tisa. Alijiunga na Jeshi la Polisi Februari 1989, akapita depo ya mafunzo, akalinda, akaongoza magari, akaandika taarifa za wizi wa kuku na wa ng'ombe katika vituo vinne. Mwaka 1998 alihamishiwa Karagwe kwa muda wa miezi sita, kumshikia nafasi karani wa silaha aliyekuwa mgonjwa. Karani yule hakurudi. Miezi sita ile ndiyo inaisha mwezi huu.

Mwaka ule watu wengi walikuwa wamevuka mto Kagera kwa sababu ya vita vya miaka ya nyuma, na bunduki nazo zilikuwa zimevuka. Mabasi yalisindikizwa na askari. Wanyabiashara wa kahawa walisafiri kwa msafara. Kila wiki kulikuwa na silaha iliyokamatwa, na kila silaha iliyokamatwa ililetwa mezani kwake ikiwa imefungwa kwenye gunia, na swali lilikuwa lilelile: imetoka wapi?

Kwa wageni wetu wa leo ambao hawaijui kazi hii, nieleze kidogo. Bunduki huzaliwa kiwandani ikiwa na namba. Nchi inayoinunua huipiga alama yake. Ofisi inayomkabidhi askari, mlinzi au mwindaji mwenye kibali huandika namba ile pamoja na jina la mtu. Silaha ikikamatwa porini au chini ya mzigo, mtu kama Avelina huisoma, huinakili, hutafuta kadi yake, na asipoiona huandika barua. Barua hupanda mkoani, kisha makao makuu, kisha huvuka mpaka kupitia ofisi za polisi wa kimataifa, mpaka imfikie karani mwingine katika nchi nyingine mwenye kabati lake. Halafu unasubiri. Kusubiri ndiko kunakomaliza watu katika kazi hii. Barua moja ya Avelina ilijibiwa baada ya miaka sita, na jibu lenyewe lilikuwa mstari mmoja: kumbukumbu ziliungua.

Alisoma silaha 1,143. Zilizopata jibu kamili, kutoka kiwandani hadi mkono wa mwisho, ni 402. Alipoulizwa mwaka jana na mgeni kutoka mkoani kama anajivunia hesabu hiyo, alijibu, "Mia saba arobaini na moja bado hazijasema." Mgeni akaandika kwenye daftari lake kwamba Sajenti Meja ni mnyenyekevu. Hakuwa mnyenyekevu. Alikuwa anatoa taarifa.

Tabia ya kusoma namba ilimwingia hadi kwenye mifupa. Katika harusi ya mwenzetu mmoja pale Bugene, bibi arusi akiingia na kwaya ikiimba, Avelina alionekana amechuchumaa nyuma ya turubai, miwani puani, anasoma namba ya jenereta la kukodi. Anajua namba ya fremu ya kila baiskeli ya ofisi. Friji letu lilipopotea mwaka 2017 likiwa limepelekwa kutengenezwa, alilipata Omurushaka ndani ya duka la soda, likiwa limepakwa rangi nyekundu, na alilitambua kwa kupiga goti na kutazama chini yake. Watu mjini walimwita Mama Namba. Hakulipenda jina hilo, lakini aliliitikia.

Kampeni za kusalimisha silaha kwa hiari ndizo zilizompa furaha kidogo. Mzee Karekezi wa Chonyonyo alileta gobore la baba yake likiwa limeviringishwa kwenye majani ya migomba kama samaki wa kuoka. Akataka stakabadhi. Akapewa. Kisha akataka iandikwe kwamba gobore halijafa, linaumwa tu. Avelina aliandika: "Linaumwa." Kila baada ya mavuno ya kahawa mzee alikuja kumjulia hali mgonjwa wake, akiwa na mkungu mmoja wa ndizi wa ofisi nzima, hadi alipofariki mwaka 2020. Gobore liliteketezwa pamoja na mengine. Nakala ya stakabadhi bado ipo, na "linaumwa" ipo.

Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo Avelina aliniomba nisiliandike, na ambalo baada ya kumwomba mara tatu amekubali niliandike, kwa sharti kwamba nianze na kosa lake.

Agosti 2011, wakati Kyerwa ikiwa bado sehemu ya Karagwe, askari wa wanyamapori aitwaye Melkiory Kagaruki aliondoka kambini asubuhi kufuatilia nyayo za majangili kandokando ya mto Kagera. Alikuwa peke yake kwa sababu mwenzake aliamka na homa. Hakurudi. Alitafutwa siku kumi na moja. Hakupatikana yeye, wala bunduki yake, wala kofia.

Melkiory alikuwa mwenyeji wa Bugene, Mkatoliki, mume wa Placida na baba wa watoto wanne. Alikuwa mtu wa mzaha na mikono mizuri. Kila mwaka Avelina alikwenda kambini kwao kukagua silaha, na mwaka 2009 aliikuta bunduki ya Melkiory ina ufa kwenye kitako, upande wa kushoto. Ilikuwa imeangukia jiwe. Melkiory alikuwa ameikaza kwa waya wa shaba, kwa uangalifu, kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Avelina aliandika kwenye kadi: "Kitako kimepasuka kushoto. Kimefungwa waya wa shaba, mizunguko tisa. Kazi nzuri."

Melkiory alichungulia, akacheka. "Afande, hata waya umeuandika?"

"Ninaandika kilichopo."

"Basi andika na aliyefunga ana njaa."

Baada ya siku kumi na moja za kumtafuta, maneno yalianza. Kwamba aliiuza bunduki ng'ambo. Kwamba kuna mtu alimwona kwenye soko la upande wa pili wa mto, amevaa koti jipya. Kwamba ana mke mwingine huko. Maneno hayo hayakuwa na mwenyewe, lakini yalipata pa kulala. Mwezi wa Novemba, kadi zote za silaha zilizopotea zilitakiwa zifungwe kabla ya mwaka kwisha, na mkubwa mmoja wa wakati huo, ambaye hayupo tena kazini, alimwambia Avelina ajaze nafasi iliyokuwa wazi. Avelina alijaza. Kwa mwandiko wake ule mzuri, kwa wino wa bluu, aliandika: "Inadhaniwa imeuzwa. Mhusika mtoro."

Aliniambia juzi, "Hakuna aliyenishika mkono, Winston. Ilikuwa saa kumi, nilitaka kwenda nyumbani."

Maneno yale manne yalitembea kuliko alivyodhani. Waajiri wa Melkiory walihitaji maelezo ya polisi, na maelezo ya polisi yalikuwa kadi. Jina lake likaondolewa kwenye orodha ya waliokufa kazini na kuwekwa kwenye ya watoro. Placida aliitwa kwenye kikao cha ukoo, barua ikasomwa kwa sauti mbele ya wakwe, majirani wakisikia kupitia ukuta wa matete. Baada ya hapo mama mkwe wake hakumpa tena mkono wakati wa amani kanisani. Watoto waliitwa watoto wa muuza bunduki. Sperancia, binti mkubwa, aliacha shule ya sekondari kwa mwaka mzima, akarudi tu alipohamishiwa kwa shangazi yake Nyaishozi.

Placida hakulia ofisini kwetu. Alikuja. Kila Januari, baada ya kuvuna maharage, alitembea kutoka Bugene, akasimama mlangoni, akasema shikamoo ingawa yeye na Avelina wanalingana umri, akauliza swali moja, akianza na waitu, neno la heshima la huku: "Waitu, Afande, imeonekana?"

"Bado, Mama Sperancia."

"Haya."

Akaondoka. Nilipohamia ofisi hii mwaka 2014 niliikuta desturi hiyo. Nilidhani anaulizia cherehani iliyoibwa. Mwaka wa tatu nikamwuliza Avelina, naye akafungua kabati, akanionyesha kadi, akaweka kidole kwenye wino wa bluu. Tangu siku hiyo, kila Januari ikikaribia nilikuwa natafuta kazi ya nje.

Oktoba 2021, kwenye kizuizi cha barabarani kati ya Nkwenda na Murongo, askari walisimamisha gari dogo la mizigo lililojaa ndizi. Mikungu ya juu ilikuwa imekatwa siku hiyo, ya chini ilikuwa imeanza kuiva, na askari mmoja aliyelelewa shambani aliona mzigo huo hauwezi kuwa wa shamba moja wala wa siku moja. Wakapakua. Chini kulikuwa na bunduki ndani ya mfuko wa mbolea. Dereva, Polikarpi, alisema ametumwa tu.

Ililetwa mezani kwetu kesho yake. Namba ilikuwa imekwanguliwa kwa tupa hadi chuma kikang'aa. Kitako kilikuwa kimepakwa rangi nyeusi nzito, ile ya mageti. Avelina aliigeuza mara moja, akaandika "haina namba," akaiweka pembeni ili anywe chai. Alikuwa na mafua siku hiyo na hakuwa na hamu na kitu chochote. Alipoirudia, alipitisha ukucha kwenye kitako kuondoa tope lililoganda, ukucha ukakwama. Ukakwama tena. Nilimwona anafumba macho. Alikuwa anahesabu kwa ukucha chini ya rangi, polepole, kama mtu anayetafuta njia kwenye giza. Tisa.

Hakusema jina. Alisema, "Winston, nifungie mlango."

Kwa mtu mwingine hiyo ingetosha. Kwake haikutosha, kwa sababu alishawahi kuandika kitu kwa kudhani. Mifereji tisa kwenye mbao, waya wenyewe haupo, si ushahidi. Mtu mwingine yeyote anaweza kufunga waya mara tisa. Aliipeleka bunduki maabara Dar es Salaam. Wataalamu wa huko wanajua kuamsha namba iliyofutwa, kwa sababu chuma kinapogongwa namba huumia ndani kuliko tupa inavyofika. Ilichukua miezi mitatu. Kati ya tarakimu saba walipata nne. Avelina alipekua kadi zote za wilaya na za jirani, kadi moja moja, maana kompyuta yetu ilikuwa haijaingiziwa silaha za zamani, na akapata bunduki ishirini na tatu zenye tarakimu hizo nne katika nafasi hizo. Ishirini na mbili zilikuwa ghalani, au zimeteketezwa, au zinajulikana zilipo. Aliomba zihakikiwe moja moja, kwa macho, na wakuu wa vituo wakamchukia kwa miezi miwili. Ishirini na mbili zikaonekana.

Hapo ndipo alipoandika barua ya kuvuka mpaka. Barua zetu zina fomu. Fomu ina nafasi ya namba, aina, nchi ya kiwanda. Haina nafasi ya waya. Avelina alichora kitako kwa penseli, akaonyesha ufa na mifereji tisa, akaandika chini: "Kama kuna mtu yeyote huko aliyewahi kutaja bunduki iliyofungwa hivi, tafadhali." Aliyepaswa kuipitisha alisema mchoro uondolewe, si utaratibu. Avelina alijibu, "Sawa, Afande," akauondoa mbele yake, na akautia tena ndani ya bahasha kabla haijabandikwa. Hilo nalo amenikubalia niliandike, maana anastaafu.

Kabla ya barua hiyo, Januari 2022, Placida alikuwa amekuja. Mimi nilikuwepo, sikupata kazi ya nje. Avelina alikuwa anajua, au karibu ajue, na hakuweza kusema. Kesi ya Polikarpi ilikuwa mahakamani, na zaidi ya hapo, hakuwa tayari kumpa mama yule dhana nyingine.

"Imeonekana?"

Avelina alisogeza jalada pembeni. "Bado, Mama Sperancia."

Placida alimtazama muda mrefu kuliko kawaida. "Haya," akasema, akaenda. Januari iliyofuata ikawa hivyohivyo. Avelina alianza kupoteza usingizi mwaka ule, na shinikizo la damu lilimpanda mpaka daktari akamwandikia mapumziko ya wiki mbili, ambayo aliyatumia kupanga upya kabati.

Jibu lilikuja Machi 2023, miezi kumi na moja baada ya barua. Karani mmoja ng'ambo, ambaye hatujamwona mpaka leo, aliutazama ule mchoro wa penseli na kukumbuka maelezo aliyowahi kuyachapa miaka kumi nyuma. Mwaka 2013 mfungwa mmoja huko, akiungama mambo mengi kwa pamoja, alisema alipokea bunduki "iliyofungwa waya kwenye kitako" kutoka kwa watu watatu waliomvamia askari wa pori upande wa Tanzania. Askari alikataa kuitoa. Walimzika palepale, ubavuni mwa kichuguu kikubwa, mahali ambapo mto unajikunja na kuna mawe mawili meupe. Maelezo yale hayakuwa na namba ya silaha wala jina la askari, kwa hiyo hayakuwa na pa kwenda. Yalikaa kwenye jalada. Mfungwa alifariki mwaka 2018.

Tulikwenda Aprili, watu tisa, wawili kati yao askari wenzake wa zamani wa Melkiory. Siku mbili tulichimba kwenye vichuguu visivyo vyenyewe. Mvua ilinyesha, jembe liliteleza. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, askari mmoja aligonga kitu, akaweka jembe chini, akaanza kuchimba kwa mikono. Kiatu. Bizimu ya mkanda yenye nembo ya kazi yake. Na mengine, ambayo familia yake wanayajua na inatosha.

Avelina alikaa chini kwenye tope, na sare yake yote. Nilimfuata nikidhani ameanguka.

"Andika saa," aliniambia.

"Afande?"

"Saa, Winston. Andika saa. Safari hii tuandike vizuri."

Saa nne na dakika kumi na saba.

Sperancia, ambaye sasa ni muuguzi, alitoa sampuli ya vinasaba, na majibu yalitoka Agosti. Ilikuwa miaka kumi na mbili kamili. Siku ileile Avelina aliandika kuomba ruhusa ya kutoa kadi ofisini, jambo lisiloruhusiwa. Aliipata kwa maandishi, na masharti manne. Mimi nilikuwa sharti la tatu: shahidi.

Placida alikuwa kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, anamenya ndizi. Alijua tayari kuhusu mifupa, Sperancia alimwambia. Alituona, hakusimama.

"Shikamoo," Avelina alisema. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia yeye ndiye anaanza.

"Marahaba," Placida alijibu, bila kushangaa. "Kaeni."

"Mama Sperancia, nimekuja na kitu nilichokiandika mimi."

"Najua. Nilisomewa."

"Nilikosea."

Kisu kiliendelea kumenya. "Miaka kumi na mbili, waitu. Hukukosea kidogo."

"Sikukosea kidogo," Avelina alisema.

Aliiweka kadi juu ya kigoda, akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yake ya mwaka 2011, mstari ulionyooka, wa kuacha yasomeke chini yake kama utaratibu unavyotaka. Juu yake akaandika: "Haikuuzwa. Iliporwa. Mhusika aliuawa akiilinda." Tarehe, jina, namba yake ya askari. Nikatia sahihi yangu ya ushahidi. Akaisogeza kadi ili Placida aione.

Placida alifuta mikono kwenye kanga, lakini hakuishika. "Soma kwa sauti," alisema. "Ile ya kwanza ilisomwa kwa sauti."

Avelina akasoma.

"Zaidi. Jirani ana masikio mazito."

Akasimama, akasoma tena, kwa ile sauti ya gwaride ambayo sikujua kama bado anayo. Ng'ambo ya uzio wa miti ya miyenzi mtu aliacha kutwanga. Mara ya tatu hakuombwa. Alisoma mwenyewe, na sauti ikamkatikia kwenye neno la mwisho.

Nilitegemea kilio, au vigelegele. Placida alirudi kwenye ndizi zake. Alipomenya mbili zaidi alisema, "Nilidhani siku hii ikifika nitaruka. Kumbe nimechoka tu." Kisha, akimtazama Avelina kwa mara ya kwanza siku hiyo, "Na wewe umechoka, dada. Unaonekana. Leta hicho kisu kingine."

Wakamenya pamoja. Tulikula ndizi na maharage, na hakuna aliyezungumzia bunduki.

Melkiory alizikwa upya Septemba 2023, kwa heshima zote za kazi yake, na padri alitaja jina lake bila kushusha sauti. Mama mkwe, mzee sana sasa, aliletwa kwa bodaboda akishikiliwa. Alimpa Placida mkono. Placida aliupokea. Sikuona uso wake, nilikuwa nyuma.

Nisidanganye katika karatasi hii kwamba yote yalikwisha vizuri. Wale watu watatu hawajapatikana. Polikarpi anatumikia kifungo, na waliomtuma wameajiri dereva mwingine, bila shaka. Maganda ya risasi yalionyesha kwamba kati ya 2013 na 2021 bunduki ile ilitumika katika matukio mawili ya ujambazi, na katika moja mwenye duka alipoteza mguu. Mpaka wetu una vivuko vingi kuliko askari. Avelina anayajua haya yote, na ndiyo maana tulipotaka kumfanyia sherehe mwaka ule alikataa, akaomba siku mbili za kulala.

Lakini kuna jambo lilibadilika, na hilo ni lake. Tangu Januari 2024, katika ofisi yetu, kila silaha inayokabidhiwa inaandikiwa namba pamoja na majeraha yake: ufa, kutu, mkwaruzo, waya, msumari, herufi zilizochongwa na askari aliyechoshwa na zamu. Kila moja inapigwa picha pande nne. Na kwenye sehemu ya "maelezo ya kupotea" hakuna tena anayeruhusiwa kuandika neno "inadhaniwa." Kama hujui, unaandika "haijulikani," na unaacha kadi wazi, na mwaka ukiisha unaulizwa kwa nini iko wazi, na unavumilia kuulizwa. Askari wapya wanalalamika kwamba ni kazi kubwa. Ni kazi kubwa.

Yeye mwenyewe anarudi Kamachumu, ambako mumewe, Mwalimu Projest, aliyestaafu miaka minane iliyopita, amekuwa akimsubiri na migomba, mikahawa na mbwa wawili. Mwalimu, tunakuomba radhi kwa kukucheleweshea mkeo. Kwa watoto wao watatu, ambao walikulia kwenye nyumba za askari na kufanya kazi za shule chini ya taa ya ofisi yetu, tunasema ahsanteni kwa kutuazima mama.

Afande Avelina, hukutaka hotuba, ukataka kiti cha kukalia tu. Kiti kipo mbele, kina mto, na hatujaandika namba nyuma yake, usihangaike kutazama. Ahsante kwa silaha 1,143. Ahsante kwa zile ulizozisoma na kwa zile zilizokunyima usingizi. Ahsante kwa kutufundisha kwamba karani naye hukosea, na kwamba akikosea anatembea mpaka kwa mwenyewe. Tunakuombea miaka mirefu yenye afya, chai ya moto isiyokatizwa na mtu, na majirani wema.

Kesho asubuhi simu ikilia kutoka Murongo, usiinuke. Tutapokea sisi.

Koplo Winston Placidius,
kwa niaba ya watumishi wenzako wa Karagwe na Kyerwa